Machozi ya Mtani

Naapa kwa reli iliyonilisha, na kwa mifupa ya babu yangu aliyebeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani bila kuutua mzigo hata kwa kujikuna: haya ninayoandika ni kweli tupu. Asiyeamini amuulize mbuzi wangu. Alikuwepo, na hana sababu ya kudanganya.

Kama mbuzi hatoshi, shahidi wa pili huyu hapa. Gaspari Mloka, mwana wa marehemu Dismas na marehemu Leokadia, amekaa barazani kwangu anapukuchua mahindi, chupa ya uji iko miguuni pake. Uji wenyewe ni ule aliokuwa akipika mama yake. Sasa anaupika yeye, na sitaki kusema ukoje. Mimi naandika, kisha namsomea kila ukurasa, kwa sharti alilolitoa mwenyewe.

"Ukidanganya jambo lolote la mama yangu, mtani, nachukua yule jogoo wako mwekundu."

"Na nikidanganya ya kwangu?"

"Ya kwako siyahesabu. Kuku wa Morogoro nzima hawatatosha."

Basi nianze. Jina langu Mihambo, Mnyamwezi, fundi mstaafu wa taa za reli. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, na umeme nilijifundisha kwa kupigwa nao. Nilipostaafu nikapanda huku Hewe, kwenye milima ya Uluguru, nikajenga katikati ya watani zangu Waluguru, watu wenye mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake kwa sababu ya kuzaliwa mteremkoni. Wao husema ukimwona Mnyamwezi amenyooka mgongo ujue hajapewa mzigo bado. Ndivyo tunavyopendana. Tangu enzi za misafara mababu zetu walitukanana njiani, na aliyefia njiani alizikwa na yule aliyekuwa akimtukana.

Wakati huo Mhakiki alikuwa ameshaingia katika kila simu na kila miwani. Ilikuwa ni mashine, lakini sote tulimwita kama mtu, maana alikuwa na neno la mwisho kuliko watu. Kila picha, kila sauti, kila kipande cha video kilifika mbele ya macho yako kikiwa kimeshagongwa muhuri. Kijani ni kweli. Nyekundu ni uongo. Watoto walikua bila kumwuliza mtu, "Una hakika?" Walitazama rangi, basi.

*

Dismas Mloka alikufa ghafla jioni, baada ya kula. Daktari wa zahanati akaandika kuwa ni moyo. Alikuwa jirani yangu, na kila asubuhi alinitukana kutoka ng'ambo ya migomba kabla sijanawa uso. Asubuhi iliyofuata niliamka nikasubiri tusi, halikuja.

Kaburi lilipokwisha kuchimbwa nikafanya linalompasa mtani. Nikarukia ndani kabla ya jeneza, nikalala chali.

"Jamani, nani yule?" akauliza padri, ambaye alikuwa mgeni.

"Mnyamwezi," wakamjibu, kana kwamba hilo linatosha.

"Sitoki!" nikapiga kelele. "Hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe! Nani kaniulia mtu wangu? Wewe Leokadia! Umemtilia sumu ya panya kwenye mlenda! Nimeuona mlenda wenyewe, hata panya wameukataa! Umemuua ili uolewe na mimi, na mimi sikutaki, unakoroma!"

Nilipokuwa nasema hayo machozi yalikuwa yakinitiririka hadi masikioni, maana nililala chali. Sikuyaigiza. Niliona kipande cha mbingu kama kitambaa cha mezani, nikanusa udongo ule mbichi, nikajua rafiki yangu ataunusa peke yake.

Leokadia tangu jana yake hakuwa amelia wala kusema neno. Alikuwa amekaa kama kinu. Sasa akainuka, akaja hadi ukingoni mwa kaburi, akanitazama.

"Toka humo, mpagazi. Sumu ile ilikuwa yako. Dismas kaila kwa bahati mbaya, alidhani ni chakula cha watu."

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka kicheko kikapasuka kikawa kilio, kilio chenyewe kile kilichomkwama kooni tangu jana. Wanawake wakampokea. Mimi nikapewa kuku, nikatoka, tukamzika Dismas kama mtu.

"Sikuwepo," anasema Gaspari, mkono ndani ya mahindi. "Nilikuwa Mwanza. Meli ilichelewa ziwani, nikakosa basi."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana naandika."

Miongoni mwa waombolezaji alikuwepo kijana mmoja aliyekuja na padri, amevaa miwani inayonasa picha. Akakikata kipande chake palepale nilipomaliza kusema, kabla ya Leokadia kufungua mdomo. Akakirusha mtandaoni na maneno haya: *Mzee amfichua muuaji akiwa kaburini.* Kabla hatujamaliza kunawa mikono kilikuwa kimefika Kigoma.

Na muhuri wake ulikuwa wa kijani.

*

Polisi walikuja. Walikuwa na adabu, wakauliza maswali, wakanywa maji, wakaenda zao. Hawakuona kesi. Muhuri haumkamati mtu. Unamwacha kwake, kwenye kiti chake, mlango wazi, na hapo ndipo kifungo kinapoanza.

Leokadia alikuwa muuza uji. Uji wa mtama wenye tangawizi na pilipili manga, gulioni kila alfajiri, watu wakipanga foleni na vikombe vyao. Jumatatu baada ya mazishi alikaa na sufuria yake mpaka jua likawa kali. Watu walipita upande wa pili wa njia. Wanawake waliokuwa wamemshika wakati analia, waliousikia utani kwa masikio yao, nao walipita. Nilimshika mmoja mkono.

"Bi Agripina, wewe ulikuwepo! Ulicheka!"

"Nilicheka, Mzee Mihambo." Hakunitazama. "Lakini ni kijani. Labda wewe mwenyewe ulikuwa unajua kitu, kikakutoka."

Mimi nilikunywa vikombe viwili mbele ya gulio zima, nikajigonga kifua, nikarukaruka kama mwanambuzi kuonyesha sijafa. Wakanitazama kwa huruma, kama mtu anayejitolea kufa.

Siku hiyo aliumwaga uji kwenye migomba. Na kesho yake akapika tena.

Kisha akaja Gaspari.

Hapa nimesita kuandika, lakini mwenyewe ametikisa kichwa niendelee. Alifika na begi dogo. Mama yake alikuwa amemchinjia bata, amempikia na wali. Gaspari akamkumbatia, akakaa mezani, akasema tumbo lilimsumbua safarini. Akatoa mkate kwenye begi. Akatoa na maji, chupa kutoka dukani, ikiwa bado na kifuniko chake. Leokadia akakitazama kile kifuniko kikizungushwa, kikalia *tk*. Akafunika sahani ya bata kwa sahani nyingine.

Nimemaliza kusoma. Mahindi yamenyamaza.

"Andika," amesema Gaspari. "Hiyo ni kweli."

*

Nikashuka mjini, kwenye ofisi ya Mhakiki. Niliyemkuta ni mwanamke wa makamo, Melania Kibena, mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka.

"Shikamoo, baba. Karibu ukae."

"Marahaba. Nimekuja kukana maneno yangu. Wapi nisaini?"

"Haisainiwi. Inasemwa."

Akanieleza, na kwa kuwa mimi ni mtu wa nyaya nilimwelewa kuliko alivyotarajia. Mhakiki alikuwa na macho mawili. Jicho moja liliangalia mambo: Dismas alikufa ghafla, kweli; alikufa baada ya kula, kweli; sumu ya panya ilinunuliwa nyumba ile wiki ile kwa simu ya mke, kweli, nani huku milimani haweki sumu kwenye ghala la mahindi? Cheti cha daktari kilisema moyo, lakini maiti haikupasuliwa, kwa hiyo kilihesabiwa kuwa dhana. Jicho la pili liliangalia msemaji: sauti inavyotetemeka, kope, damu inavyopita chini ya ngozi ya uso. Macho yote mawili yakikubaliana, kijani.

"Na uso wako, baba," akasema, "ulikuwa uso wa mtu mwenye uchungu wa kweli. Sijawahi kuona kipimo kilichonyooka hivyo."

"Ulikuwa uchungu wa kweli! Nilikuwa namlilia rafiki yangu!"

"Mashine ilijua unalia. Ikaamini unalilia unachokisema."

Akaniweka mbele ya kioo. Nikasema, wazi, kama shahidi mahakamani: "Nilidanganya."

Kioo kikawaka. Nyekundu.

"Maana yake nini?"

Melania akauma mdomo. "Maana yake, unaposema ulidanganya, unadanganya."

Nilicheka. Nimecheka na treni iliyoacha reli, siwezi kushindwa na kioo. Nikasema: "Haya basi. Ulikuwa utani."

Kikafikiri kidogo. Nyekundu tena.

"Utani kinauweka pamoja na vichekesho," akasema Melania, "na kichekesho hakina machozi."

"Basi walioitengeneza hawajawahi kuzikwa na mtani."

"Pengine wao hawazikani hivyo." Akasogeza kiti. "Baba, sikiliza. Imebaki nafasi moja. Mtu akishindwa kukana mara ya tatu, faili linafungwa na muhuri unabaki milele. Wewe huamini kuwa ulidanganya. Ndiyo maana kinakukataa."

"Lakini wewe unajua ukweli. Nimekueleza. Si ubonyeze tu?"

"Ninaweza kubonyeza. Unaikumbuka siku ya bwawa?"

Nani asiyeikumbuka? Mtu mmoja alirusha picha ya mafuriko ya nchi nyingine, akasema bwawa letu limepasuka. Mji mzima ulikimbilia mlimani kupitia daraja moja.

"Dada yangu alikuwa darajani, na mtoto mgongoni," akasema. "Maji hayakuja. Watu ndio waliomkanyaga. Nikibonyeza leo kwa sababu nimekuamini, kesho atabonyeza mwingine kwa sababu amehongwa. Siwezi, baba. Nisamehe."

Nilitaka kumchukia, sikuweza. Nikamwachia ndizi nilizokuwa nimemnunulia mbuzi wangu zawadi.

*

Nilimkuta Leokadia jikoni anakoroga uji ambao hakuna atakayeunywa. Gaspari alikuwa uani, anaondoka kesho yake.

"Mpagazi, bado hujafa?" akanisalimu.

"Nasubiri uolewe na mimi kwanza, nikuachie madeni ya tumbaku."

Nikamweleza yote. Kwamba imebaki nafasi moja. Kwamba njia ni kuamini, ndani kabisa ya moyo, kuwa siku ile nilikuwa mwongo na machozi yale yalikuwa ya kuigiza.

Akaacha kukoroga.

"Usikane," akasema.

"Una wazimu?"

"Sikiliza, wewe. Siku ile nilikuwa nimekufa pamoja naye. Sikuwa nasikia hata ndege. Ukaingia shimoni ukanitukana, nikarudi. Umenielewa? Nilirudi. Sasa ukisema ulikuwa uongo, basi Dismas alizikwa bila mtani, kama mbwa wa barabarani, na mimi nilichekea uongo. Watu wameninyang'anya mengine yote. Hilo niachie."

"Na mtoto?"

Tulisikia uani, *tk*, kifuniko cha chupa kikifunguliwa. Akarudi kukoroga polepole, kwa adabu, kama anayekorogea wageni.

Sasa wewe unayesoma, niambie ungefanya nini. Mimi nimewauliza watu wengi, wenye elimu na wasio nayo, na kila mmoja alijibu haraka. Anayejibu haraka hakukisikia kile kifuniko.

Asubuhi nilishuka tena mjini. Melania aliniweka mbele ya kioo, akatoka nje, nadhani kwa heshima. Nikafumba macho nikarudi kaburini. Nikajilaza chali. Nikamtazama yule mzee mpumbavu anayelia, nikamwambia: hukumpenda Dismas. Ulitaka kuku. Ulitaka utazamwe, wewe. Hayo machozi ulijikamua. Nilimwambia hivyo mara nyingi, mpaka akaacha kubisha, mpaka akanyamaza kabisa mle shimoni.

Nikafumbua macho. "Nilidanganya."

Kijani.

Na wakati huohuo, katika kila simu ya nchi, Leokadia akawa safi.

*

Kabla ya adhuhuri gulio lilikuwa limejaa mlangoni kwake. Bi Agripina alileta kikombe kikubwa kuliko vyote. Gaspari aliahirisha safari, akakaa chini jikoni, akanywa uji bakuli tatu, akilia ndani ya bakuli. Mama yake alimwekea mkono kichwani mpaka alipomaliza.

Mimi nilisimama mlangoni nikingoja tusi langu.

Leokadia akageuka. Akafuta mikono. Akainamisha kichwa kidogo, kama mbele ya mkwe.

"Shikamoo, Mzee Mihambo," akasema. "Asante sana. Mungu akubariki."

Mtu asiye na watani hawezi kujua kisu hicho kinaingia wapi. Nilijibu marahaba. Na tangu siku ile, kila tulipokutana njiani, alinisalimu vizuri. Vizuri mno. Mpaka masika yaliyofuata, alipougua mapafu, akafa.

Na mazishi yake yalikuwaje? Yalikuwa makubwa! Kaburi lilipokuwa tayari niliruka kutoka juu ya mgomba, nikatua katikati bila kugusa ukingo. Nikapiga kelele: "Leokadia, unamfuata Dismas ili umlishe mlenda mara ya pili! Mwache mwanaume apumzike!" Watu wakacheka hadi mlima wa pili ukaitikia. Padri aliketi chini kwa kicheko. Nikakataa kutoka mpaka nikapewa jogoo, na ndiye huyuhuyu mwekundu, na marehemu akashuka kwa...

"Jogoo," amesema Gaspari.

"Jogoo gani?"

"Wangu."

Ameacha mahindi. Ananitazama bila hasira, na hilo ndilo baya zaidi.

"Hukuruka, mtani. Ulikaa kwenye benchi la wageni, umevaa koti. Nilikuwa nimeshika kamba ya jeneza, nikawa nakuangalia wewe. Watu wote walikuwa wanakuangalia wewe. Nilisema moyoni, sasa ataruka. Sasa. Ukainuka, ukachukua udongo kiganjani, ukautupa kama diwani, ukasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mama alizikwa kimya."

Nimetafuta uongo wa kuweka pale. Nimetunga uongo maisha yangu yote, nimewahi kumshawishi mkaguzi wa reli kuwa tembo ameiba taa. Sikupata hata mmoja.

"Nilijaribu," nikasema. "Nilipolitazama shimo, hapakuwa na mtu ndani yangu wa kuruka. Nilimwua kule mjini, mbele ya kioo, ili wewe unywe uji."

"Najua." Amesimama, amejipangusa makapi magotini. "Jogoo nitamchukua jioni. Kwanza vaa viatu."

Kwa mila yetu anayekamatwa halipi anachotaka, hulipa anachoambiwa. Nikavaa viatu. Gaspari aliacha simu yake juu ya mahindi, akachukua chupa ya uji, tukapanda hadi makaburini. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo bado laini. Dismas na Leokadia wamelala bega kwa bega, misalaba yao imeinama upande mmoja, kama kila kitu huku.

"Lipa," akasema.

Nikasimama. Mdomo mkavu kama gunzi. Nikasema kwa sauti ndogo, "Leokadia, unakoroma."

"Sijasikia."

"Leokadia! Unakoroma! Nakusikia mpaka kwangu! Dismas tangu umemfuata hajalala! Huko nako umeshapeleka mlenda wako, malaika wanaharisha!" Nikajikuta nimelala chini kwenye matope kati ya makaburi mawili, chali, na maji ya moto yananiingia masikioni. Nikajua nimerudi, au kipande changu kimerudi, na yeye hayupo wa kunijibu.

"Toka hapo, mpagazi," akasema Gaspari. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Unamchafulia mama kitanda."

"Sitoki mpaka nilipwe!"

Nikamsikia anachuchumaa. Kifuniko cha chupa kikalia *tk*. Akanishika kisogo, akaniinua kidogo, akanisogezea kikombe mdomoni. Uji wa mtama. Tangawizi imezidi, pilipili manga imesahauliwa, una mabonge.

Nikauonja.

"Una sumu," nikasema.

"Kunywa," akasema mtani wangu.

Nikanywa wote.